Jazi si muziki wa hoteli, ina Kiswahili ndani yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba jazi ni muziki wa hoteli kubwa, wa kunywea kahawa ya bei ghali, na kwamba sisi waswahili hatuna chetu humo. Siandiki kumgombeza. Kabla ya mwaka 1987 na mimi ningesema hivyo hivyo. Naandika kwa sababu ninazo santuri kadhaa za kumwelekeza, na nina hakika wapo wasomaji wengine wa gazeti hili wanaozipenda kama mimi, ila kila mtu yuko kwake na redio yake na hatujuani.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 1984. Neno "jazz" nililijua utotoni kama walivyolijua wote wa rika langu: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz. Kwetu maana yake ilikuwa bendi ya dansi, magitaa na tarumbeta, watu wamevaa wakapendeza. Jazi ya Wamarekani weusi niliipata kwa sababu ya kazi. Redio ukishaitengeneza lazima uijaribu masafa mafupi, na masafa mafupi hushika vizuri usiku. Hapo ndipo nilipokuwa nikimkuta Willis Conover wa Sauti ya Amerika, mtangazaji mwenye sauti nzito aliyetamka Kiingereza polepole, neno moja moja, hata mimi wa darasa la saba nikamfuata. Kipindi chake kilianza mwaka 1955, na kibwagizo chake kilikuwa "Take the 'A' Train" ya bendi ya Duke Ellington. Piano ile ya mwanzo ikitoka bila kukwaruza, najua redio imepona. Nazima, namkabidhi mwenyewe. Nilikuwa naisikia tu, bado sijaisikiliza.

Mwaka huo wa 1987 baharia mmoja ambaye meli yake ilikuwa hapa bandarini aliniletea gramafoni iliyokatika mkanda wa mota. Juu ya sahani alikuwa ameisahau santuri. Nikatia mkanda mwingine, nikasafisha sindano kwa spiriti, nikaishusha nijaribu. Zikaja ngoma, kisha mwanamume akaanza kusema. Kwa Kiswahili! Na hakikuwa Kiswahili cha Mzungu aliyejifunza, kilikuwa cha mtu wa kwetu, anatamka kila neno kama yuko jukwaani mbele ya umati. Nilibaki nimesimama na bisibisi mkononi. Chumba changu cha kazi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mke wangu alikuwa uani anakuna nazi. Akaita, "Baba watoto, una mgeni? Nimwekee sahani?"

Kwenye lebo ya katikati palikuwa pameandikwa Randy Weston, na chini yake jina la santuri: "Uhuru Afrika".

Habari zake nilizipata baadaye, kidogo kidogo, kwa kuuliza na kusoma. Weston alikuwa mpiga piano, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1926. Baba yake alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mwaka 1960, nchi 17 za Afrika zilipojipatia uhuru, Weston akaamua kuzitungia muziki wa bendi kubwa, na humo akataka isikike lugha ya Kiafrika. Akawauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa pale New York ni lugha ipi, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika maneno, na Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga, akayatia katika Kiswahili na kuyasoma mwenyewe. Ndiye aliyekuwa mgeni wangu siku ile. Walirekodi Novemba 1960. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Yaani Mtanganyika alisimama mbele ya kipaza sauti New York akalitamka neno uhuru mwaka mzima kabla sisi wenyewe hatujaupata. Nilipogundua hilo nilihesabu miezi kwa vidole mara mbili nisije nikawa nimekosea. Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, nami nikimsikiliza Sanga naelewa ni kwa nini.

Ndani yake kuna vipande vinne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Wapigaji ni kundi ambalo mpenzi yeyote wa jazi akilisoma majina atashika kichwa: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef miongoni mwa wapuliza saksofoni na filimbi, Ron Carter kwenye besi, Max Roach kwenye ngoma, pamoja na Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Lakini mtu ninayetaka wasomaji wamjue ni Melba Liston. Huyu alikuwa mwanamke mpiga tromboni, chombo ambacho hata leo nadra kumwona mwanamke akikipuliza, na ndiye aliyepanga sauti zote za vyombo vile. Weston alitunga, lakini nani aingie lini, nani anyamaze, tarumbeta ngapi zipande pamoja, hiyo ni kazi ya Melba. Sikiliza "African Lady", wimbo wa kuwasifu wanawake weusi. Sauti ya Martha Flowers inapopanda, vyombo vinampisha, kisha vinamrudia taratibu kama watu wanaompokea bi harusi mlangoni. Mimi nimefungua na kufunga redio maisha yangu yote, najua kazi ya kupanga vitu vingi ndani ya sanduku dogo visigombane. Mama yule alikuwa fundi.

Baharia alikuwa aifuate gramafoni yake kesho yake asubuhi. Usiku ule nikaunganisha waya kutoka gramafoni mpaka redio kaseti, nikatia kaseti mpya ya dakika 90, nikaanza kurekodi. Upande wa kwanza ukaisha salama. Nikageuza santuri. Katikati ya "Bantu", ngoma zimepamba moto, umeme ukakatika. Nilikaa gizani nikisubiri hadi nikasikia adhana ya alfajiri, haukurudi. Baharia alipokuja nikamwomba aniuzie, nikamwambia hata ujira wangu asinipe. Akacheka, akaikumbatia santuri yake: "Fundi, hata ukinipa gramafoni kumi sikupi hii." Akaondoka nayo.

Basi mimi kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa na "Uhuru Afrika" iliyokatika katikati. Nimeipiga kaseti ile mpaka utepe ukaanza kuyumba, nikaurudisha kwa penseli, nikaukata palipochanika nikaugandisha. Wateja wangu wa zamani wanaijua. "Kucheza Blues" ilikuwa jina tu kwangu, nililolisoma kwenye lebo. Mwaka 2019 mjukuu wangu akaitafuta kwenye simu, akaniunganishia spika, akaniambia, "Babu, hii hapa, nzima." Weston alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, Septemba 2018, ana miaka 92. Nilimwambia mjukuu asiruke kitu, aanzie mwanzo. Ilipofika pale umeme wangu ulipokatika mwaka 1987 nilijikuta nimeshika ukingo wa meza, na ngoma zikaendelea tu. Kisha ikaja "Kucheza Blues", na piano ya Weston, ile inayogonga huku chini kabisa kwenye sauti nene. Niliirudia mara tatu, na chakula kikapoa.

Ya pili ninayomwelekeza msomaji yule ni ya mpiga piano Herbie Hancock, inaitwa "Mwandishi". Ilitoka mwaka 1971. Miaka ile vijana wengi weusi wa Marekani walikuwa wakijichagulia majina ya Kiswahili, na wapigaji wote sita wa bendi hiyo wakajipa ya kwao. Aliyewaletea habari hiyo ni mpiga ngoma James Mtume, ambaye baadaye alipiga na Miles Davis, mpiga tarumbeta. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Billy Hart wa ngoma akawa Jabali. Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na huyu jina lilimkaa sawasawa kwa sababu alikuwa daktari kweli, amesomea udaktari chuo kikuu na ametibu watu. Sisi mtunga muziki tungemwita mtunzi, na mpiga besi tusingemwita mchezaji. Lakini nawapenda kwa kulitafuta neno mbali vile na kulibeba.

Kipande cha kwanza, "Ostinato", walikitoa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani aliyekuwa gerezani wakati huo. Hesabu ya mapigo yake ni ya ajabu. Hesabu moja mpaka nane, halafu moja mpaka saba, rudia. Besi inashika hesabu hiyo tangu mwanzo na haiiachi, nanyi mnaopenda kugonga meza kwa vidole mtapotea mara kumi kabla hamjaipata. Mimi nilifanikiwa baada ya siku nne, nikigonga kwa koleo. Kwenye kipande hicho aliongezwa mpiga ngoma wa pili, kijana wa miaka 18, Leon Chancler, naye jina lake Ndugu. Msomaji anayesema hana chake katika jazi ajue kwamba ile ngoma ya "Billie Jean" ya Michael Jackson, inayopigwa katika kila harusi na kila daladala, anayeipiga ni huyo huyo Ndugu.

Zipo nyingine nitakazozitaja kwa haraka. Lee Morgan, mpiga tarumbeta, Februari 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Kenya, alirekodi "Mr. Kenyatta", na kwenye piano yumo Hancock kabla hajawa Mwandishi. Mwaka 1958 Wilbur Harden, naye wa tarumbeta, alirekodi "Tanganyika Strut" akiwa na mpiga saksofoni John Coltrane. Na kwa anayetaka jazi tupu isiyo na habari za kwetu, achukue "Kind of Blue" ya Miles Davis ya mwaka 1959, asikilize usiku taa ikiwa imezimwa. Hiyo haihitaji maelezo yangu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kona ndogo, hata mara moja kwa mwezi, wapenzi wa jazi tuandikiane: nani anampenda nani, na kwa santuri ipi. Mimi nimetaja zangu. Nataka kujua za watu wa Mombasa, wa Zanzibar, wa Bujumbura, na za mabaharia wastaafu ambao najua mna masanduku ya santuri chini ya vitanda. Na kama yule baharia wa 1987 bado yupo na anasoma gazeti hili, gramafoni yake nitaitengeneza tena bila malipo. Jalada la "Uhuru Afrika" sijawahi kulishika mkononi, kwa sababu siku ile aliniletea santuri tupu. Aje nalo.

Fundi Redio,
Ngamiani, Tanga