Abdalla, mkataba uko wapi?

Makina, Kibra
Jumanne usiku

Mwanangu Abdalla,

Assalamu alaykum. Mama yako ameniambia tiketi imetoka na unasafiri Ijumaa. Sijui kwa nini habari za nyumba hii lazima zipitie jikoni kwanza. Haya, tuyaache.

Nauliza moja tu: mkataba uko wapi? Sisemi ile picha ya ukurasa wa kwanza uliyonionyesha kwenye simu. Nasema mkataba wote, wenye mshahara, saa za kazi, na jina la kampuni ya huko Qatar. Jina la wakala wa hapa mjini halinisaidii. Ati, "Utatia sahihi ukifika, mzee, usiwe na wasiwasi." Ninao wasiwasi. Sisi Wanubi tumetokana na watu walioambiwa hivyo hivyo.

Usidhani sifurahi. Kitambulisho kilikuhangaisha miaka miwili, kamati baada ya kamati, unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, na wenzako wa shule wakikipata kwa wiki chache. Hukuchoka. Moyo ule ungeutumia kwa huyu wakala, nisingekuwa naandika saa hizi.

Kuna swali ulikuwa ukimwuliza habuba, bibi yako, naye akikufukuza na mwiko. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Ndiyo, wazee wetu walikuwa watumwa. Hapa nyumbani tunasema "wanajeshi" tunaishia hapo, na mimi ndivyo nilivyokuzoeza. Jeshi la Misri liliingia Sudan mwaka 1820 likisaka watu wa kufanya askari. Waliotekwa milima ya Nuba na kusini walipewa bunduki, hakuna aliyeulizwa. Mtindo huo ukaendelea, na askari wa aina hiyo ndio waliokwama Equatoria, kusini mwa Sudan, na gavana wao Emin Pasha, waasi wa Mahdi walipofunga njia. Mwaka 1891 Lugard, kapteni wa Kiingereza, akawafuata kule karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda waitumikie kampuni ya Waingereza. Mwaka 1902 wakatiwa KAR, jeshi la Mfalme wa Uingereza huku kwetu. Vita vya Mjerumani vikawafikisha Lindi ya Tanganyika, na wazee husema ndipo mtaa wetu huu wa Lindi ulipopata jina.

Waliomaliza utumishi wakaambiwa, haya, pumzikeni hapa Kibra. Palikuwa msitu, na kibra kwa Kinubi maana yake ni huo msitu. Waliufyeka kwa mikono yao. Babu wa babu yako alikuwa na mahindi upande wa bondeni na ng'ombe wa maziwa, na maziwa yalikwenda mjini kila alfajiri. (Habuba zetu nao walipika kitu kingine kilichouzwa mjini, hicho sikiandiki kwenye barua.) Mtu aliyekuwa hana hata mwili wake, sasa ana shamba, ana mke, ana zizi. Wewe ungeomba karatasi? Mimi nisingeomba.

Mwaka 1918 zilitangazwa ekari 4,197 za askari hao. Walichoshika mkononi ni pasi ya shamba: ruhusa ya kukaa na kulima, basi. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ikaja kusema hawa ni wapangaji wa Mfalme, wanakaa kwa hiari yake. Mtu amepigana miaka na miaka, kumbe mpangaji! Mashamba yakageuka mitaa ya watu wengine. Hati ilipokuja, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288, ya jamii nzima. Siku ile nilivaa kanzu nyeupe na nililia, mama yako ni shahidi. Lakini piga hesabu, wewe uliyesoma. Hata moja ya kumi haifiki.

Kuhusu ile pasi ya babu. Mnajua ilikwenda na mvua. Mvua ilinyesha, ni kweli. Lakini mvua haifungui sanduku. Alikuja mtu wa suti, anaongea vizuri, akasema ataipigia nakala na kuirudisha Jumatatu. Ufunguo wa sanduku lile ulikuwa mmoja, na hakuwa nao habuba.

Kwa hiyo usiniambie hayo ni mambo ya kale. Mkataba uwe na nakala tatu: moja kwangu, moja kwa dada yako, moja wewe. Pasipoti kaa nayo mwenyewe. Wakisema ni utaratibu wa ofisi, waambie waandike. Pesa ya kwanza usinitumie mimi, lipa deni la shangazi yako, amekuwa akinipita njiani kama hanioni. Na usilale na chaja ya simu kitandani.

Tangi limepasuka tena, chini, palepale tulipoziba. Mpangaji wa chumba cha nyuma hajalipa mwezi wa pili huu, na kabla hujauliza: hapana, sina mkataba naye.

Mama yako anapika kisra Alhamisi. Anatoa na gurbaba ya habuba, ile nguo yake, uipeleke kwa dada yako iwe salama, maana paa linavuja upande wa kabati. Njoo mapema, kabla ya magharibi, umeme siku hizi hauaminiki, na hiyo karatasi nataka kuisoma yote. Urudishe na koleo langu.

Baba yako