Taa za pangoni zizimwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu watalii wenzangu wanaotoka pangoni wakinung'unika kwamba giza lilizidi na picha zao hazikutoka vizuri. Mimi ni fundi umeme. Nikiingia pango lolote la watalii, macho yangu huanza na taa, mawe baadaye, na kinachonikera ni kinyume cha malalamiko yao: taa ni nyingi mno, tena huachwa zikiwaka hata pasipo na mtu.

Sogea karibu na taa kubwa ya zamani, zile zinazounguza mkono. Pale mwanga unapopiga ukuta utakuta duara la kijani: mwani, kuvumwani, pengine hata kangaga dogo limechomoza ufani. Mbegu zake huletwa na hewa, maji, na nguo na viatu vyetu. Gizani zisingeota, sisi ndio tumeziwashia jua. Ukijani huo hutoa asidi inayokula chokaa, na kuusugua kwa dawa ya klorini kunaweza kuumiza jiwe na vidudu vya humo. Joto la taa nalo hukausha ukuta, wakati stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia kutoka juu, hukua kwa matone ya maji, na nyingi haziongezeki hata milimita moja kwa mwaka mzima.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke Lascaux, kule Ufaransa. Pango hilo lenye michoro ya wanyama ya zaidi ya miaka 15,000 lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948. Pumzi za wageni na mwanga wa taa vikaleta mwani juu ya michoro, na mwaka 1963 likafungwa. Watalii siku hizi huonyeshwa nakala.

Sisemi pango liachwe bila umeme. Postojna, pango la huko Slovenia, ilifungiwa taa za umeme tangu 1884, na kama fundi naionea fahari kazi hiyo. Ninachotaka ni njia igawanywe vipande, kila kipande na swichi yake. Kundi likishapita, mwongozaji azime nyuma yake. Taa za LED zisizo na joto kali ziwekwe, na zisielekezwe kwenye jiwe lenye unyevu. Zile za miguuni zibaki, maana ngazi za pangoni huteleza.

Na hizi taa za zambarau, za bluu na nyekundu, nani alizibuni? Pango limegeuzwa disko. Nyekundu na bluu ndizo rangi ambazo mimea huzitumia zaidi. Wakulima wa mboga za ndani ya majengo huzinunua makusudi. Mwanga wa manjano ungewapa wageni cha kutazama na kuunyima mwani chakula kingi.

Anayetaka picha yenye mwanga mzuri, mara nyingi kadi za posta zinauzwa pale pale mlangoni.

Fundi umeme, msomaji wako