Ukumbi Usio na Ndani

Langoni, Lamu

Kwa somo yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, wewe na watoto, na baridi ya Nairobi haijawazidi. Huku twashukuru, ila kusi limekaza na samaki amekuwa ghali. Mama akusalimu sana, asema ule mkoba wako bado umo kabatini.

Tumenyamaziana siku nyingi, lakini hili siwezi kukaa nalo peke yangu. Lile ghala la karibu na gati limekubaliwa ligeuzwe ukumbi wa michezo ya kuigiza! Nilipoambiwa nilipiga kigelegele mbele ya wazee. Halafu jana Shee akaja na ramani. Karatasi karibu yote ni viti. Jukwaa limesukumwa mpaka ukutani, na nyuma ya ule ukuta ni ua wa jirani. Basi. Nikauliza, waigizaji watavalia wapi? Nikajibiwa, si watakuja wamevaa kwao. Zuhura, mtoto wa watu atoke kwao Mkomani na maleba ya mchezo mwilini, na wanja wa kuigizia usoni, akatize vichochoro vyote vile kati ya punda na wapita njia mpaka pwani? Na kama katika onyesho la pili anakuwa bibi kizee, akabadilishe wapi? Wazazi wenyewe waliowakataza binti zao kuigiza mwaka jana walitaja hilo hilo: stara.

Waliochora wanadhani ukumbi ni mahali pa kukaa na kutazama. Mimi nikawaambia watazame nyumba zetu za mawe. Mgeni huishia dakani, pale kibarazani penye mlango, aliyezoeleka hufika kiwandani, yaani ule ua ulio wazi juu, na msanani, ukumbi unaoutazama ua, na ndani hufika wenyewe tu. Ukumbi wa michezo nao wataka kupangwa hivyo: sebule ya kukatia tiketi na kusubiri, kisha viti, kisha jukwaa, kisha ndani kwa wenyewe. Hawa wamechora daka na kiwanda, wakasahau ndani.

Nakumbuka siku uliponipitisha mlango wa nyuma kwenye ukumbi wenu. Kumbuka ile meza pembeni mwa jukwaa, imetandikwa karatasi na kugawanywa visehemu kwa utepe: hapa taa ya chemli, hapa barua, hapa panga la mbao, kila kitu na jina lake. Mwigizaji akipita gizani anyoosha mkono tu, achukua, atoka. Pembeni pale ndipo nilipofahamu mchezo unavyokwenda. Mmoja asubiri zamu yake, mwingine avishwa kilemba, mama wa maleba ana sindano mdomoni, na msimamizi anong'oneza kwenye chombo chake kumwambia fundi wa taa azime. Mtazamaji hayaoni hayo, na ndiyo yampayo mchezo. Kwenye ramani yetu pembeni hapana hata nafasi ya kusimama watu wawili. Chumba cha taa nacho wamekitia kando ya choo! Fundi asiyeliona jukwaa atawasha nini, atazima nini? Si lazima akae juu, nyuma ya watazamaji, aone kile waonacho wao?

Mlango mpana wa kuingizia mapambo ya jukwaani hawakuufikiria kabisa. Gari haziingii vichochoroni huku, vitu vyaja kwa punda au mkokoteni, na kitanda cha samadari hakipiti mlango wa kawaida.

Lakini kilichoninyima usingizi ni milango. Wameweka mmoja mkubwa, wa nakshi, na nakshi naipenda kama waipendavyo wao. Ila wafungukia ndani, kama milango yetu yote ya zamani. Nikawasimulia habari za ukumbi wa Iroquois, Chicago, Marekani. Tarehe 30 Desemba 1903, mchezo wa mchana, ukumbi mpya ambao haujatimiza miezi miwili tangu kufunguliwa. Taa ikaunguza pazia. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likakwama njiani. Watu wakakimbilia milango: mingine ina makufuli, mingine yafungukia ndani, na umati umeshaigandamiza. Walikufa zaidi ya watu 600, wengi wao wanawake na watoto. Wazee wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akasema ghala letu ni dogo. Udogo haumfungulii mtu mlango! Nakshi na ibaki mbele, wakati wa mchezo iachwe wazi, lakini ubavuni itoke milango miwili ya kufungukia nje, na mmoja zaidi nyuma kwa waigizaji.

La kufurahisha ni Mzee Athumani. Amesema pazia tumwachie yeye, atalifunga kwa kapi na henza, gurudumu na kamba ya kupandishia, kama tanga la jahazi, na mtoto wa darasa la nne ataweza kulipandisha. Namwamini.

Nimewaambia tukate safu tatu za viti za mbele, jukwaa lisogezwe, nyuma tupate vyumba viwili vya kuvalia, wanawake mbali na wanaume mbali, kila kimoja na maji yake. Wamekasirika, viti ni pesa. Bi Khadija yuko upande wangu, Shee yuko katikati, wamjua.

Sasa nisaidie. Pembeni mwenu pana upana wa hatua ngapi? Vyumba vya kuvalia vyaingiza watu wangapi bila kukanyagana? Yule fundi wenu mrefu bado yupo, na atakubali kuitazama ramani nikiipiga picha? Waweza kupata ruhusa uje kabla hawajaanza kumwaga zege, mwezi ujao? Utafikia kwetu, chumba cha juu ki tayari. Na mume wako amepona mguu?

Nijibu upesi, kikao ni Alhamisi.

Wako,
Mwanaisha