Barua ya wazi kwa vijana wa Alhamisi, kabla karatasi haijawahamisha kanisa

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale wawili ambao wiki ya tatu sasa hawajatia mguu barazani kwangu, tunapokutana kila Alhamisi. Ningeweza kumwita kila mmoja pembeni, lakini jambo lenyewe lilianza mbele ya wote, basi na jibu liwe mbele ya wote. Na kwa kuwa nasikia karatasi yenu imeshatolewa nakala ikafika kwenye kwaya mbili na hosteli moja hapa Moshi, barua hii naiacha wazi. Asome anayetaka.

Karatasi yenyewe ni ya kujipima imani: maswali 24, kila swali majibu mawili, weka alama ya vema pale unapoamini, mwisho jumlisha uone wewe hasa ni wa dhehebu gani. Wazo sikulichukia. Mtu aliyebatizwa akiwa na wiki sita lazima siku moja ajiulize kama kile alichoitikiwa na wazazi wa ubatizo bado anakiitikia mwenyewe. Lakini mliona yaliyotokea. Binti yetu wa Kibosho, Mkatoliki wa tangu bibi yake, akatoka Mlokole kwa alama 19. Kijana wangu wa Machame, Mlutheri kama mimi, mtoto wa mwinjilisti, akatoka Msabato. Mmennonite wetu wa Shirati peke yake ndiye aliyejikuta nyumbani, akaanza kutembea kifua mbele kama aliyeshinda kura. Usiku ule hamkumaliza hata chai.

Nimeikopa karatasi, nimeisoma kwa miwani yangu yote miwili. Tuanze na swali la nne: “Tunaokolewa kwa neema au kwa matendo?” Binti wa Kibosho akaweka vema kwenye neema, akapoteza alama ya Ukatoliki. Nani aliyewaambia Wakatoliki wanafundisha kuokolewa kwa matendo? Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki ulioitishwa kuwajibu akina Luther, ulitoa mwaka 1547 kanuni zake juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, na ya kwanza kabisa inamlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema. Ya kwanza, wanangu, si ya thelathini. Ugomvi ulikuwepo na ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa juu ya neema inafanyaje kazi ndani ya mtu, na mtu mwenyewe ana sehemu gani katika kuitikia. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi azimio la pamoja juu ya jambo hilo hilo. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kwa hiyo binti alijibu kama Mkatoliki aliyefundishwa vizuri, akahukumiwa na mtunga maswali ambaye Ukatoliki aliusikia kwa jirani.

Swali la 17 lilinichekesha mpaka mjukuu akaja kuniangalia. “Aliyevunja amri ya sita atengwe na kanisa?” Mlutheri akajibu ndiyo, atengwe mpaka arudi kundini. Binti wa Upareni, Msabato, akasema huyo apelekwe polisi kwanza, habari ya kanisa baadaye. Mkabishana nusu saa nzima, mmoja anasema mwenzake ana roho ya kikatili, mwingine anasema mwenzake anacheza na damu ya watu. Hakuna aliyegundua kwamba hamhesabu sawa! Kwa Walutheri na Wakatoliki amri ya sita ni “usizini”. Kwa Wasabato, na kwa Waanglikana pia, ya sita ni “usiue”, na kuzini ni ya saba. Maneno ni yale yale ya kitabu cha Kutoka, mgawanyo ndio tofauti.

Tena karatasi yenu inazipa hoja zote uzito mmoja. Siku ya ibada alama moja, rangi ya mavazi ya mchungaji alama moja. Mwulizeni Msabato kama Jumamosi kwake ni sawa na mavazi. Siku hiyo imo katika jina lake. Kijana wangu wa Machame aliitwa Msabato kwa sababu aliweka vema pale penye “wafu wamelala”, jambo ambalo Wasabato hulifundisha. Luther mwenyewe aliandika mara nyingi juu ya kifo kama usingizi! Hajavuka mto bado huyo kijana, amesimama kwenye ukingo wa kwao.

Sasa niseme la kwangu, ambalo wengi wenu hamlijui.

Nilikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa 21, nimesaidia kuandaa meza ya Bwana mara ambazo sizihesabu, ndipo tukapelekwa semina ya wazee. Mkufunzi akatusimulia habari za Marburg, Oktoba 1529. Luther na Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya kanisa kule Zurich, Uswisi, walikutanishwa wapatane, maana wote wawili walikuwa wametoka Kanisa la Roma. Hoja zilikuwa 15. Wakapatana 14. Ya kumi na tano, mkate na divai, ikawashinda. Zwingli alisema ni alama na ukumbusho. Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza, “Huu ni mwili wangu”, akaifunika kwa kitambaa, na mjadala ulipopamba moto akakifunua na kuwaonyesha. Hakusogea hata inchi.

Mimi nimekaa pale na daftari langu, jasho linanitoka. Maana miaka yote ile, nikipiga magoti pale mbele, niliamini sawasawa na Zwingli. Kumbukumbu tu. Mzee wa kanisa la Kilutheri!

Nilipomwendea mchungaji kumweleza, hakushangaa. Aliniuliza tu, “Mzee, hilo ulifundishwa na nani?” Nikajibu kwa haraka kwamba hakuna, ni imani yangu binafsi. Njiani kuelekea nyumbani nikakumbuka. Mwaka 1967, chini ya mwembe, mhubiri mmoja wa mkutano wa injili alituambia vijana kwamba mkate ni mkate na anayesema zaidi ya hapo ni mshirikina. Jina lake sikumbuki. Uso wake sikumbuki. Koti lake la kahawia nalikumbuka, na mafundisho yake nilitembea nayo zaidi ya miaka 30 nikiyaita yangu.

Hilo ndilo nililotaka mlisikie. Mnaposema mnalinganisha imani zenu binafsi na mafundisho ya madhehebu, kagueni kwanza hiyo binafsi imetoka wapi. Mara nyingi ni mafundisho ya dhehebu jingine, yaliyoingia kwa wimbo wa pambio, kwa redio, kwa shangazi, kwa mchumba. Si dhambi. Ila usimshitaki mama yako kwa sababu hafanani na mtu mwenye koti la kahawia.

Na hata hilo “dhehebu langu” lina historia yake ya barabarani. Hapa Moshi waliotangulia, mwaka 1885, walikuwa Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Waingereza. Utawala wa Wajerumani ukawakalia vibaya, wakaondoka 1892, na mwaka uliofuata wakaingia Walutheri wa Leipzig, wamisionari wa Kijerumani. Wangebaki wale Waingereza, huenda leo ningekuwa nawaandikia kama Mwanglikana, na kwa uhakika ule ule. Mapadri wa Kikatoliki walikuwa wameshajenga misheni ya Kilema tangu 1891. Wasabato wakaanzia Giti, Upareni, mwaka 1903. Wamennonite wakafika Shirati 1934. Wakati mwingine ni kijito tu, mpaka kati ya misheni na misheni, kilichoamua babu yako aseme “mchungaji” au “padri”. Lakini kijito kuamua mlango wa kuingilia hakufanyi nyumba iwe ya uongo, na hapo ndipo vijana mnaporuka haraka mno.

Marehemu mke wangu alikuwa wa Kilema. Tulifunga ndoa kwetu, akaja upande wangu, na rozari akaja nayo, akaiweka ndani ya kopo la Kimbo nyuma ya chumvi. Punje moja ilikuwa imepotea, akashonea kifungo cha shati. Kwa miaka mingi nilijua, nikanyamaza kama mtu anayevumilia upagani jikoni kwake. Siku nilipothubutu kumwambia kwamba anamwabudu Mariamu, hakukasirika. Alisema, “Sikiliza neno lenyewe. Ni utuombee, si utuokoe. Wewe kila Jumapili unawaomba wenzako wakuombee mgongo, umewaabudu?” Sikuanza kusali rozari, na mpaka leo sisali, naona hatuna agizo la kuwaomba waliolala watuombee. Hiyo ni tofauti ya kweli na siifichi. Lakini lile nililokuwa nalipinga siku zote, yeye hakuwa akiliamini.

Siku ya kumzika, wakwe walijaa kihambani, shambani kwetu nyumbani. Ikafika Sala ya Bwana. Tukaanza pamoja vizuri, kisha wao “ufalme wako ufike”, sisi “ufalme wako uje”. Wao “mkate wetu wa kila siku”, sisi “riziki yetu”. Wao “utuopoe maovuni”, wakaitikia Amina wakanyamaza, na sisi tukabaki peke yetu na “kwa kuwa ufalme ni wako”. Shemeji yangu, mkatekista mzee, alikuwa kando yangu. Alinyamaza kidogo, halafu akaimalizia na sisi mpaka “hata milele”.

Nirudi kwako, kijana wa Shirati, maana wewe na mwenzako wa Machame ndio mlioachana kwa maneno mabaya. Ulisema ubatizo wa watoto ni kunyunyizia maji watu waliolala. Naye akakujibu kwamba ninyi ni wazushi tangu mwanzo, akataja Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri. Ni kweli, Ungamo letu la mwaka 1530 linawalaani kwa jina Waanabaptisti, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, ambao Wamennonite ni warithi wao. Lakini asome na yaliyofuata. Mjini Zurich, Januari 1527, Felix Manz alifungwa kamba na kutoswa mtoni Limmat, kwa sababu alibatiza watu wazima: umependa maji, haya chukua maji. Waliomuua hawakuwa Walutheri, walikuwa upande wa Zwingli, lakini na kwetu damu ya namna hiyo ilimwagika, na wanateolojia wetu waliitetea. Mwaka 2010, mjini Stuttgart, Walutheri wa dunia nzima kupitia Fungamano lao waliwaomba Wamennonite msamaha. Hawakusema wameacha kubatiza watoto. Bado tunabatiza, na mimi nitamtetea mtoto huyo mpaka kesho, kwamba neema humtangulia hata kabla hajajua kusema baba. Bado ninyi hambatizi. Basi kama maaskofu wameweza kuomba radhi bila kubadili imani, ninyi wawili mnashindwa nini?

Siwaambii msihame. Yuko mtu ambaye amesoma, ameomba, amekaa, na dhamiri inakataa kabisa. Huyo aende, aage vizuri, asitoroke usiku. Ila asihame kwa alama 19. Akae kwanza mwaka mzima katika ibada za huko anakokutamani, zikiwemo zile za kuchosha za mwezi wa saba. Asome kile kanisa lenyewe limeandika juu yake lenyewe: Katekisimu Ndogo ya Luther inasomeka jioni moja, imani za msingi za Wasabato ni 28 tu, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ni nene na ina namba 2865, lakini haikatazi kufunguliwa katikati. Na wale mlioanza kuangaliana kwa macho ya uchumba, ninyi mnajijua, zungumzeni habari ya ubatizo wa watoto kabla ya wazee kukaa kikao cha mahari. Tulioliacha hilo hadi baadaye tunajua lilivyotugharimu.

Mnataka kujua kama niliachana na Zwingli? Bado ninavutana naye. Nikipiga magoti na kusikia “uliotolewa kwa ajili yenu”, huwa nashindwa kusema ni kumbukumbu tu. Nikifika nyumbani nikawaza kwa akili, Zwingli anarudi. Mchungaji anajua, na ananipa mkate.

Alhamisi mje na karatasi zenu, tuyaandike upya maswali yale, kila mmoja aandike la kanisa lake, si la mwenzake. Saa kumi na moja, kama kawaida. Majani ya chai yapo, na kwa ajili ya binti wa Upareni nimeshakata mchaichai. Vikombe nimepanga vyote, vya wale wawili vikiwemo.

Babu yenu wa barazani