Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Damu ichukuliwe kabla ya dripu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa ajili ya wagonjwa ambao kinga ya mwili imewageuka, ikashambulia neva zao wenyewe. Hufika na ganzi ya miguu na magoti yasiyobeba mwili, wakaambiwa ni kisukari, ni upungufu wa vitamini au, jambo linaloniudhi kuliko yote, ni wasiwasi tu.

Hata ugonjwa ukitambuliwa, wengi huandikiwa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, bila kuuliza zaidi. Mmoja wa magonjwa haya, Guillain-Barré, unaofikia ukali wake ndani ya wiki 4, hautibiki kwa steroidi; unataka imunoglobulini ya mshipani, yaani dripu ya kingamwili (protini za kinga), au kubadilishiwa plazma, sehemu ya majimaji ya damu. Ule uitwao CIDP, unaozidi kusonga hata baada ya wiki 8, steroidi huweza kuusaidia. Upo mwingine unaodhoofisha mikono bila ganzi, na huo steroidi huweza kuuzidisha. Kisha wapo wenye kingamwili dhidi ya nyurofasini 155 au kontaktini 1, protini zinazoshikiza ala ya neva mahali pake. Hawa mara nyingi imunoglobulini haiwafai, ilhali rituksimabu, dawa inayopunguza chembe za kinga zinazozaa kingamwili, imewainua wengi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 uliwatoa katika kundi la CIDP walilokuwa wakichanganywa nalo. Sisi bado tunawachanganya.

Sikuombi maabara ya kingamwili katika kila hospitali. Seramu, majimaji yanayobaki damu ikiganda, husafirishwa; mgonjwa anaweza kubaki kitandani kwake. Ninachoomba ni waraka: damu ichukuliwe na kuhifadhiwa kabla ya dozi ya kwanza. Imunoglobulini huingiza kingamwili za wachangiaji damu, na kubadilisha plazma huondoa zile za mgonjwa, hivyo sampuli ya baadaye huweza kupotosha. Waraka huo pia utaje hospitali zenye kipimo cha umeme wa neva, maana wahudumu wengi hawajui pa kumpeleka mgonjwa.

Lakini waraka usije ukawa kisingizio cha kuchelewesha. Mwenye dalili za Guillain-Barré asisubirishwe majibu ya kingamwili. Karibu robo ya wagonjwa hao huishia kuhitaji mashine ya kupumulia, kwa hiyo pumzi zao zipimwe kila zamu, usiku na mchana, na kipimo kiandikwe kwenye faili.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa wodi ya magonjwa ya neva