Punje za Njano Kwenye Mahindi Meupe

Mama Zawadi mwenzangu,

Salamu sana. Picha ya mahindi yako nimeiona. Aliyekuuzia mbegu mwache, hana kosa. Njano hiyo imeletwa na upepo kutoka shamba la jirani.

Kila uzi wa ndevu za hindi ni wa punje moja, na kila punje ina baba yake. Uzi huu ukidakwa na chavua, yaani vumbi la kiume, ya mbelewele za jirani, punje inakuwa ya njano; wa pembeni ukapata chavua ya shambani kwako, inabaki nyeupe. Hindi moja, baba mbalimbali, na wala halioni haya!

Umeuliza mbona njano yako imepauka kuliko ya jirani. Sehemu ya punje inayotoa unga hupokea jeni ya rangi, yaani chembe ya urithi, mara mbili kutoka kwa mama, mara moja tu kutoka kwa baba. Mama yake ni mweupe, basi njano imepata moja kati ya tatu.

Lakini usidhani rangi zimeyeyushana hapo kama rangi ya ukuta. Panda zile zilizopauka peke yake, mbali na mahindi mengine, zichavushane zenyewe. Utavuna njano iliyokolea, ya kati, iliyopauka, na kama robo hivi nyeupe kabisa. Weupe ulikuwamo muda wote, mzima. Mtawa mmoja, Mendel, aliona mambo ya namna hii kwenye njegere huko Brno, mji wa Ulaya, akayachapisha mwaka 1866, na wataalamu hawakuyajali hadi 1900.

Kwa hiyo mbegu chambua tu: punje iliyo nyeupe kwelikweli haina njano ndani yake. Ila hayo ni ya rangi. Urefu wa mmea unaongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, watoto wengi hutoka wa kimo cha kati, na hapo kuchambua punje kwa macho hakukusaidii.

Msimu ujao mwombe jirani mpishane kupanda wiki tatu au nne, kwa sababu kuachiana mita 200 hamtaweza na viploti vyenu hivyo.

Za njano usitupe. Zina karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, saga uji wa watoto. Mama mkwe akinuna kwamba umemletea unga wa Yanga, msongee wake mweupe.

Wako,
Mama Neema