Yai la tegu halijitaji jina

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu minyoo ilikuwa nzuri, ila sehemu moja imenikosesha raha: pale mliposema mgonjwa akipimwa choo ataambiwa kama ana tegu wa ng'ombe au wa nguruwe. Kwa kipimo hicho peke yake, haambiwi. Nimekaa kwenye hadubini utumishi wangu wote, na mayai ya jamii ya Taenia ni yale yale: duara dogo la kahawia, ganda nene lenye mistari, ndani kiinitete chenye kulabu sita. La Taenia solium (tegu wa nguruwe) liko hivyo, la Taenia saginata (wa ng'ombe) vilevile. Anayeandika spishi kwa kutazama yai anapiga ramli.

Pingili, yaani kipande cha mwili wa mnyoo, ikipatikana kuna nafuu. Unaingiza wino mweusi kwenye mfuko wa uzazi, unahesabu matawi ya upande mmoja: ya solium kwa kawaida ni 7 hadi 13, ya saginata ni 15 na zaidi. Tabu ni kwamba pingili nyingi huletwa zimesagika au hazijakomaa, na hesabu ikiangukia katikati, wahesabuji wawili hutoka na majibu mawili. Kichwa chenye kulabu kingemaliza ubishi, lakini kukipata baada ya dawa ni bahati.

Na hapo sijamgusa wa tatu, ambaye kisa chake ndicho kinachonivutia zaidi. Huko Taiwan na Korea, watu walikutwa na tegu anayefanana na wa ng'ombe, ilhali nyama waliyokula zaidi ilikuwa ya nguruwe. Ikaja kubainika kwamba lava wake, yaani mnyoo mchanga, hukaa kwenye ini la nguruwe, na ini hilo kuna waliokuwa wakilila bichi. Mwaka 1993 watafiti Eom na Rim wakampa jina la Taenia asiatica. Wengine walikataa, wakidai ni saginata yule yule kwa sura nyingine kidogo. Kwa macho ubishi ule usingekwisha, maana tegu hao wakishakomaa wanakaribiana mno. Vinasaba ndivyo vilivyotoa njia: unasoma jeni ya cox1 iliyo kwenye mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, zenye DNA yake), na mpangilio wake unatofautiana kwa kila mmoja wa hawa watatu.

Ila wanaoishangilia DNA nao wapunguze ngoma. Mitokondria hurithiwa upande wa mama tu. Watafiti walipozipima pia jeni za kiini cha seli, kwa sampuli za Thailand na China, walikuta tegu wenye mitokondria ya spishi moja na jeni za kiini za nyingine. Machotara! Na huyu ni mnyoo mwenye jinsia zote mbili, anayeweza kujirutubisha mwenyewe bila kumtafuta mwenzake. Lazima wazee wao walikutana ndani ya utumbo wa mtu mmoja. Aliyepima cox1 peke yake angeandika asiatica na kufunga faili.

Kuna atakayesema jina si hoja, kwani dawa ni hizo hizo. Ni hoja kubwa. Mwenye solium tumboni hutoa mayai, na yeye au wa nyumbani mwake akiyameza, lava huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. (Ni mayai yanayofanya hivyo, si nyama ya nguruwe aliyoila, hili nalo magazeti hulichanganya.) Prazikwanteli, mojawapo ya dawa hizo, hufika hadi kwenye ubongo, na kama kuna lava waliojificha huko huweza kuamsha uvimbe na degedege. Niklosamidi, dawa nyingine, hufanya kazi yake ndani ya utumbo tu. Daktari aliyeletewa jibu la saginata lililobahatishwa hawezi kuwa na tahadhari ambayo angekuwa nayo kwa solium.

Kwa wenzangu wa maabara wanaosoma ukurasa huu: ukiona mayai tu, andika "mayai ya Taenia, spishi haijatambuliwa", hata kama daktari atanuna. Pingili ikiletwa, vaa glavu, maana huenda ni solium, kisha iweke kwenye ethanoli. Nimeona sampuli nyingi nzuri zikitumbukizwa kwenye formalini kwa mazoea. Umbo hubaki vizuri, lakini DNA huharibika, na maabara ya vinasaba inabaki haina cha maana cha kusoma.

Mteknolojia mstaafu wa maabara